Mkanda Ulilia, Ukapakwa Sabuni

Kisa hiki kilitokea mwezi wa Januari, msimu wa kiangazi, katika shamba la nyasi upande wa Rongai, Kaunti ya Nakuru. Majina nayaacha. Waliohusika ni watu wanaoheshimika kwao, bado wanakutana kanisani na sokoni, na kuwaaibisha hakutamfaa msomaji kitu. Ninayoyasimulia nilielezwa na mwenye trekta, na dereva wake, na fundi aliyeifungua mashine baadaye. Vipuri vyenyewe niliviona kwa macho yangu, vimewekwa ndani ya karai uani kwa fundi. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu kila hatua iliyochukuliwa pale ilikuwa na sababu yake nzuri kwa wakati wake. Tunaoishi na matrekta tungejiuliza kwa dhati, nadhani wengi wetu, nami nikiwemo, tungekubali kwamba tungefanya vivyo hivyo.

Mwenye trekta ni mzee aliyeweka akiba yake kwenye Massey Ferguson 290 na moa ya ngoma mbili iliyokwisha kutumika Ulaya. Riziki yake ni kukatia wafugaji nyasi za Boma Rhodes, ekari kwa ekari, kuanzia Njoro hadi Solai. Kazi hiyo ina msimu mfupi. Nyasi zikianza kutoa maua hazingoji mtu. Zikikomaa kupita kiasi zinakuwa mabua tu, ng'ombe atatafuna mchana kutwa na ndoo ya maziwa isiongezeke. Mvua ikizikuta zimelala chini, zinapoteza rangi na kushika ukungu. Kwa hiyo jua likiwaka siku nne mfululizo, simu ya mzee haitulii. Kila mtu anataka kukatiwa leo.

Kwa asiyeijua, moa ya ngoma hufungwa nyuma ya trekta na kutokeza upande mmoja. Nguvu inatoka kwenye PTO, ile shafti ya nyuma inayozunguka mara 540 kwa dakika. Shafti inageuza puli kubwa, puli kubwa inavuta puli ndogo kwa mikanda inayolala sambamba, mara nyingi mitatu au minne, na kutoka hapo gia zilizo juu zinazizungusha ngoma mbili zielekeane. Chini ya kila ngoma, pembezoni, vinaning'inia visu viwili au vitatu. Ni vipande vya chuma bapa, vifupi, kila kimoja kimeshikwa na pini moja tu. Havikukazwa, na hilo ni kwa makusudi: kisu kikigonga jiwe kinatakiwa kirudi nyuma kisivunjike. Kinachokinyoosha ni mwendo wenyewe. Ngoma ikizunguka mara 1,800 kwa dakika, na ncha za visu zikichora duara la kipenyo cha sentimita 80, kila ncha inakwenda kwa kasi inayozidi kilomita 270 kwa saa. Matatu imewekewa mwisho wa kilomita 80. Naomba msomaji abaki na hesabu hiyo kichwani, maana kila tutakalolisema hapa linahusu kipande cha chuma chenye kasi hiyo na pini inayokishika.

Dalili ya kwanza ilionekana kwenye nyasi.

Kisu chenye makali kikipita, vishina vinabaki na vichwa vilivyo sawa, vya kijani. Kisu butu hakikati. Kinapiga na kuchana. Vishina vinabaki na nyuzinyuzi, na baada ya siku mbili ncha zake zinakauka, shamba zima likitazamwa kwa mbali lina weupe usio wa kawaida. Nyasi zilizochanwa namna hiyo huchelewa kuchipuka, kwa hiyo hasara inamfuata mfugaji hadi msimu unaokuja. Isitoshe, pale ngoma mbili zinapokutana panabaki ukanda mwembamba wa nyasi zilizolazwa tu. Mama mmoja mfugaji aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Alitembea nyuma ya trekta, akainama, akashika kishina.

"Kijana, hizi nyasi umezikata ama umezing'oa?"

"Ni umande, mama," dereva akamjibu. "Jua likipanda zitakatika vizuri."

Jua likapanda. Nyasi hazikukatika vizuri. Dereva akawa anapita mara mbili kwenye mstari mmoja, dizeli ikaenda zaidi, ekari zikawa chache, na jioni akampa mzee taarifa kwamba nyasi za mwaka huu ni ngumu. Mzee akaamini. Kwa nini asiamini? Mvua iliyotangulia ilikuwa nyingi, nyasi zilikuwa nzito kweli. Hivi ndivyo dalili ya kwanza inavyotuponyoka wengi wetu: daima kuna maelezo mengine yaliyo karibu, na maelezo hayo huwa na ukweli kidogo ndani yake.

Kisu butu kinaidai mashine nguvu zaidi, na deni hilo linaangukia mkanda. Mikanda ya moa ni ile yenye umbo la V. Inashika puli kwa mbavu zake, si kwa tumbo. Mzigo ukizidi, mbavu zinaanza kuteleza. Kuteleza kunaleta joto, joto linaugeuza mpira kuwa mgumu na unaong'aa, na mkanda unaong'aa unateleza zaidi. Basi asubuhi moja dereva alipoingiza PTO, mkanda ukalia, ule mlio mkali ambao mtu aliye barabarani anausikia. Alipofika katikati ya nyasi nzito ukalia tena, na harufu ya mpira ulioungua ikamfikia kwenye kiti.

Akashuka, akakaza boliti ya kukazia mikanda. Mlio ukanyamaza kwa muda wa asubuhi. Mchana ukarudi, akakaza tena. Siku iliyofuata boliti ikawa haina tena nafasi ya kukazwa, ndipo kijana mmoja aliyekuwa akisaidia pale akatoa kipande cha sabuni ya kufulia, wakaupaka mkanda ukiwa bado moto. Ukanyamaza kabisa. Walifurahi. Ninamwelewa aliyefurahi, kwa sababu tangu enzi za lori kuukuu tumeona sabuni ikitumika kwenye mkanda wa feni, na kelele zikikoma mtu huona tatizo limekwisha. Lakini sabuni haikuongeza mshiko wowote. Iliondoa sauti tu. Mkanda uliendelea kuteleza bila kulia, na joto likaendelea kupanda bila mtu kulisikia.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu naona kosa lote liko hapa na yaliyofuata ni matokeo yake. Mkanda unapolia, swali letu huwa "mkanda una nini?" Ni mara chache tunauliza nani anauleta mzigo huo. Mikanda ile ilikuwa bado na uhai. Ingepumzishwa dakika chache, mtu akainama chini ya ngoma na kuvitazama visu, angeviona vimekuwa mviringo kwenye ncha, makali yamekwisha pande zote mbili. Visu vingi vya moa ya ngoma vina makali mawili, upande mmoja ukiisha unageuza. Vile vya mzee vilikwisha kugeuzwa tangu msimu uliotangulia, na hakuna aliyekumbuka. Kisu ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye mashine ile. Mikanda ni ghali zaidi, beringi na gia usiseme, na bado tunakimbilia mkanda kwa kuwa ndio uliopiga kelele.

Kukaza kupita kiasi nako kulikuwa na gharama yake. Mkanda uliokazwa mno unazivuta puli mbili zikaribiane, na anayeumia ni beringi. Dereva alinieleza kwamba kufikia siku hizo alikuwa akigusa kando ya puli ndogo baada ya kazi anaondoa mkono haraka. Alidhani ni joto la kiangazi.

Mkanda mmoja kati ya minne ukakatika Jumamosi saa nane mchana. Mwenye shamba alikuwa ameshaleta vibarua na ameagiza mashine ya kufunga marobota kwa Jumatatu. Mzee akatuma bodaboda Nakuru mjini, mkanda ukaja mmoja, namba yake si ileile lakini inakaribiana. Wakaulazimisha kuingia kwenye puli kwa bisibisi bila kulegeza kikazio, maana kikazio chenyewe kilikuwa kimekwama. Sasa fikiria: mikanda mitatu imeshavutika kwa msimu mzima, na mmoja ni mpya na mfupi kidogo. Ile mitatu inalegea, mpya unabeba karibu kazi yote peke yake. Ndiyo sababu watengenezaji wote husema mikanda ibadilishwe seti nzima, yenye namba moja, iliyonunuliwa pamoja. Na bisibisi ile huenda iliumiza nyuzi zilizo ndani ya mkanda, ambazo ndizo uti wake. Kwa nje usingeona chochote.

Siku hiyohiyo, wakiwa wameinama kufunga mkanda, ndipo waligundua kwamba ngoma ya nje ilikuwa na kisu kimoja kilichopinda vibaya. Hatimaye macho yakafika kwenye visu! Nilipofika hapo katika masimulizi nilitamani kisa kiishie hapo. Lakini bodaboda ilikuwa imekwisha kurudi, duka lilikuwa likikaribia kufungwa, na karibu na shamba palikuwa na fundi wa jua kali mwenye gesi na mashine ya kusagia chuma. Akakata kipande kutoka kwenye springi kuukuu ya lori, akakitoboa tundu, akakinoa. Kilikuwa kikali kweli. Wakakivalisha ngoma ya nje, na visu vingine vyote vikabaki vile vile.

Simdharau fundi yule. Mafundi wa jua kali wametuokoa mara nyingi, na jembe alilolifua mmoja wao babu yangu alilimia hadi likaisha. Ila chuma cha springi kikikatwa kwa moto wa gesi kinabadilika tabia pale moto ulipopita. Sehemu inakuwa ngumu na yenye kuvunjika upesi, sehemu inakuwa laini, na tundu lililotobolewa bila kulainishwa kingo zake huacha vijikwaruzo ambamo ufa hupenda kuanzia. Kisu cha kiwandani kimepikwa kwa kipimo ili kigonge jiwe kipinde kabla ya kukatika. Halafu kuna uzito. Kipande kile cha springi kilikuwa kinene kuliko wenzake. Kwa kasi ya mara 1,800 kwa dakika, tofauti ya gramu 50 tu upande mmoja inaivuta ngoma kwa nguvu inayokaribia uzito wa mtu mzima, na mvuto huo unazunguka mara 30 kwa kila sekunde.

Mashine ikaanza kutetemeka. Dereva aliihisi kwanza kwenye nyayo, kisha kwenye usukani, na kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi kitu ila ukungu wa mtikisiko. Akampigia mzee simu.

"Mzee, hii mashine inatetemeka sana."

"Inakata?"

"Inakata vizuri, hata kuliko jana."

"Basi malizia hiyo shamba, Jumatatu tutaiangalia."

Mzee ameyarudia maneno hayo mbele yangu bila kujitetea. Anasema kila akiyakumbuka anaona yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili timamu. Mashine ilikuwa inakata. Zilikuwa zimebaki ekari chache. Jumatatu haikuwa mbali. Nami nikajiuliza ningemjibu nini dereva kama simu ile ingekuwa imepigwa kwangu, nikiwa na deni la benki na wateja watatu wanaosubiri.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ni la siku nyingi kabla ya yote haya. Moa ya ngoma hutoka kiwandani ikiwa na turubai zito linaloizunguka, likining'inia hadi karibu na ardhi. Kazi yake ni kunasa mawe na vipande vya chuma. La mzee lilikuwa limechanika upande wa nyuma, likawa linaziba na kuvuta nyasi mbichi, kwa hiyo likakatwa kwa kisu likatupwa. Ukipita mashambani kwetu utaona moa nyingi ziko uchi hivyo. Tumezoea kiasi kwamba ile yenye turubai ndiyo inayotushangaza.

Basi Jumamosi ile jioni, dereva alikuwa akizunguka ukingo wa shamba karibu na ua wa seng'enge. Nyuma yake, sehemu iliyokwisha kukatwa, vibarua watatu walikuwa wakigeuza nyasi kwa reki. Ngoma ikagonga kitu. Dereva alisikia mlio wa chuma, akatazama nyuma, akaona ngoma zinazunguka na nyasi zinalala. Akaendelea. Alizunguka tena. Katika mzunguko huo alisikia mlio wa pili, mkubwa zaidi, na mtetemo ukawa wa kumtoa mtu kitini. Alipozima na kugeuka, kibarua mmoja alikuwa ameketi chini, anautazama mguu wake.

Kipande cha kisu kilikuwa kimempiga chini ya goti. Walimfunga mguu kwa leso ya mwenzake, wakamlaza kwenye pikapu, wakamkimbiza hospitali. Mguu uliokolewa, lakini mfupa uliungana vibaya na kifundo hakikunjiki. Leo anatembea kwa fimbo. Alikuwa na ng'ombe wawili aliowakamua mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kibaruani. Sasa hawezi kuchuchumaa, na anayekamua ni mkewe.

Fundi alipoifungua moa, alikipanga kila kitu kwenye karai, na ndicho nilichokwenda kukiona. Kile kipande cha kisu cha springi kilikuwa kimekatikia kwenye tundu. Ukikitazama mahali kilipokatikia, robo moja ya uso wake ilikuwa imepata rangi nyeusi ya uchafu, na sehemu iliyobaki ilikuwa inang'aa. Fundi akanionyesha kwa ncha ya msumari: pale peusi ni ufa wa awali, uliokuwepo kabla ya pigo la mwisho, labda tangu lile pigo la kwanza lililopuuzwa au hata kabla yake. Pale panapong'aa ndipo palipokatika dakika ile. Pini iliyokishika ilikuwa imeliwa hadi karibu nusu ya unene wake. Pini za visu vingine zilikuwa hivyohivyo, na matundu ya visu vya zamani yalikuwa yamerefuka, si duara tena. Kumbe hata kisu cha kiwandani kingekuja kuruka chenyewe siku moja.

Mikanda nayo ilikuwa na ushahidi wake. Ile mitatu ya zamani mbavu zilikuwa ngumu, zinang'aa, na zina mipasuko midogo ukiikunja. Chini kabisa ya mifereji ya puli ndogo palikuwa peupe kwa kusuguliwa. Mkanda wa V ukigusa sakafu ya mfereji, umekwisha: haushiki tena kwa mbavu, na hata ukiukaza vipi utateleza tu. Beringi ya puli ilikuwa imekauka grisi. Na ndani ya kifuniko cha mikanda kulikuwa na kifurushi cha nyasi kavu, zimeshindiliwa, rangi ya kahawia iliyokoza upande uliogusana na puli. Fundi alisema angekuja mwezi mmoja baadaye huenda asingekuta moa wala trekta, bali majivu.

Yakafuata ya fidia. Mzee alisema kibarua ni wa mwenye shamba. Mwenye shamba akasema mashine ni ya mzee. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kwa mfanyakazi aliyeumia kazini na kumtaka awe amemkatia bima, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huohuo inamtaka anayeendesha mahali pa kazi ahakikishe mashine zina vikinga vyake. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kufikiri kwamba shamba la nyasi ni mahali pa kazi kwa maana hiyo. Hatimaye wazee wa kijiji waliwakalisha, na wawili hao wakachangia gharama za hospitali nusu kwa nusu. Kwangu hilo lilikuwa jambo la utu. Halikuwa haki kamili, kwa sababu mguu wa yule bwana hauna nusu ya kuchangiwa.

Sasa, ndugu zangu, kazi yenyewe ya kuzuia haya si kubwa. Inachukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Kila asubuhi kabla ya kutoka, na kila mara ngoma inapogonga kitu, toa PTO, zima injini, tia ufunguo mfukoni. Subiri. Ngoma zinaendelea kuzunguka kwa uzito wake baada ya PTO kutolewa, na wapo waliopoteza vidole katika kungoja kusikotosha. Kama moa imenyanyuliwa, iwekee gogo au stendi imara kabla ya kuingiza mkono chini, kwa maana haidroliki inaweza kushuka bila kuaga. Vaa glavu. Kishike kila kisu ukizungushe kwenye pini yake: kiende huku na huku kwa uhuru, kisikwame, wala kisichezecheze juu na chini. Tazama tundu lake kama bado ni duara. Pitisha kidole kandokando ukitafuta ufa, hasa karibu na tundu. Kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo. Chenye ufa hakichomelewi. Vinabadilishwa, na ukibadilisha kimoja badilisha vyote vya ngoma ile, ili uzito ubaki sawa pande zote. Pini iliyoliwa nayo itoke. Beba seti nzima ya akiba kwenye kisanduku cha trekta pamoja na ile nyenzo ya kutolea visu. Mzee angekuwa na seti hiyo Jumamosi ile, fundi wa springi asingehitajika.

Mkanda ukilia, anza na visu. Vikiwa vizima, nenda kwenye mwendo: huenda unaingia kwenye nyasi nzito kwa gia ya juu mno. Visu na mwendo vikiwa sawa, ndipo uitazame mikanda. Kitabu cha mashine kinaeleza kikazio kiwe vipi. Kama kitabu kilipotea huko Ulaya, muulize fundi anayezijua moa za aina hiyo, usikisie kwa nguvu ya mkono. Mikanda mipya huvutika kidogo katika saa za mwanzo za kazi, kwa hiyo ipimwe tena kabla jua la siku ya kwanza halijatua. Vuta uzi kutoka puli moja hadi nyingine uone kama zimelingana, maana puli zilizopishana zinaula mkanda upande mmoja. Grisi na oili zisiuguse. Oili ya giaboksi ikivuja juu ya mpira, mpira unavimba na kulainika, na dawa yake ni kuziba uvujaji, si kufuta mkanda kila asubuhi. Fungua kifuniko jioni utoe nyasi kavu. Msimu ukiisha legeza kikazio, na uilaze moa mahali penye kivuli.

Tembea shamba kabla ya kulikata, hasa kandokando ya ua. Mawe, vichuguu, vipande vya seng'enge, miguu ya nguzo zilizong'olewa, vyote hivyo vinajificha ndani ya Boma Rhodes iliyosimama hadi kifuani. Turubai lirudishwe hata kama ni la kushonwa mjini. Na watu wakae mbali, makumi ya mita, mpaka moa izimwe. Kugeuza nyasi kunaweza kungoja saa moja.

Ila mafunzo yote haya yatabaki maneno kama hatutagusa suala la malipo. Dereva wa mzee alikuwa analipwa kwa ekari. Dakika aliyoinama chini ya moa ilikuwa dakika isiyo na shilingi. Kila dalili aliyoiona, aliiona akiwa na hesabu kichwani, na hesabu hiyo aliwekewa na mwajiri wake bila mwajiri kujua anaiweka. Mzee amebadilisha utaratibu. Siku hizi dereva ana malipo ya siku hata moa ikisimama, na ekari ni nyongeza juu yake. Ana ruhusa ya kuzima bila kupiga simu. Wateja wawili walimlalamikia mwanzoni kwamba anachelewa, mmoja akahama. Mzee hakumfuata.

Wewe unayemiliki moa na huiendeshi mwenyewe, mwambie dereva wako leo kwamba muda anaoutumia kukagua visu utaulipa. Mwambie kwa kinywa chako, kisha umlipe kweli mwisho wa juma. Na kama moa yako imelala tangu msimu uliopita, inama chini yake kesho asubuhi uvitazame visu, kabla mteja wa kwanza hajapiga simu.